Mlenda wa Saa Kumi

Trei ya mayai ina vishimo thelathini, na mwezi, kwa hesabu ya mtu aliyechoka, una siku thelathini. Ndiyo maana Loisi alikuwa na trei mbili juu ya kabati la vyombo, moja ya asubuhi na moja ya saa kumi jioni, na kila mwezi ulipoanza alikaa mezani na dawa za baba yake akazipanga kishimo kwa kishimo. Ya presha, ya mafuta, halafu kile kidonge cha rangi ya waridi ambacho kilikaa peke yake kwenye trei ya saa kumi. Mwezi ukijifanya mjuaji ukaleta siku ya thelathini na moja, dawa zake zilikaa kwenye kisahani.

Baba yake, Mzee Bartolomayo, alikuwa mkulima wa uwele kule Haneti, na kwa miaka mingi ndiye aliyeitwa watu wakigombea mipaka ya mashamba. Kiharusi cha kwanza kilimkuta mwaka juzi, kikaondoka na mkono na mguu wa kulia. Loisi akamhamishia kwake mjini, Nzuguni. Cha pili kilikuja mwaka jana wakati wa Kwaresma, kikaondoka na maneno. Yule msuluhishi aliachiwa neno moja tu, “haya,” na kulitumia alilitumia kweli. Umeshiba, Baba? Haya. Unaumwa? Haya. Nikuitie mchungaji? Haya.

Daktari Gaudence wa kliniki ya moyo alieleza taratibu. Moyo wa mzee ulikuwa haupigi kwa mpangilio, kwa hiyo damu ilituama humo ndani na kuganda, halafu kipande kikachomoka na kupanda kichwani. Kidonge cha waridi kazi yake ni kuifanya damu isigande. Kila mwezi mzee angepimwa, na kipimo kingetoa namba. Ikiwa kati ya mbili na tatu, salama. Ikishuka chini ya mbili, kiharusi kingine kiko njiani. Ikipanda sana, damu inaweza kuvuja isikatike.

“Cha tatu hatakiweza,” daktari alisema, “kwa hiyo namba hii ndiyo maisha yake.”

Kisha akatoa masharti. Asinywe dawa za maumivu za dukani. Asinywe mizizi. Na mboga za majani, asile nyingi leo, kesho akakosa kabisa, kwa kuwa zinavutana na hiyo dawa. Ale kiasi kilekile kila siku.

Loisi alisikia vizuri, hakuna neno lililompita. Lakini kupima mboga ni kazi ya kila siku, na kukataza ni mara moja tu. Alipofika nyumbani alitangaza kwamba daktari amepiga marufuku mboga za majani. Nyumba ya Wagogo, bila mlenda, ile mboga yao ya majani ya kuteleza! Mzee aliwekewa maharage, akayatazama, akasema haya, akageukia ukutani.

Msimlaumu haraka. Loisi alikuwa anashona sare za shule kwenye karakana moja Nkuhungu, upande wa pili kabisa wa mji. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi saa moja usiku na mgongo uliokakamaa. Binti yake, Erica, alikuwa shule ya bweni. Mume wake alikwenda Chunya kuchimba dhahabu akasahau njia ya kurudi. Kaka yake, Joel, alikuwa Mwanza, na kila Jumamosi alipiga simu kuuliza, “Mzee anakunywa dawa?” kwa sauti ya mkaguzi, kisha akakata kabla ya kuulizwa lolote yeye.

Mchana mzee aliangaliwa na Mwajabu, jirani wa ukuta mmoja, mama wa Kirangi kutoka Kondoa mwenye moyo mkubwa na watoto wengi. Asubuhi Loisi mwenyewe alimpa dawa zilizolainika mdomoni bila taabu. Taabu ilikuwa ile ya saa kumi. Koo la mzee lilikuwa limelegea upande mmoja. Maji yalimpalia, na kidonge kilikaa shavuni mpaka kikatemwa.

“Mama Erica, leo kakitema mara mbili,” Mwajabu alimwambia karibu kila jioni. “Cha tatu ndiyo kimekwenda, na chenyewe sina uhakika nacho.”

Loisi aliokota vidonge vya waridi kwenye shuka, chini ya mto, na kimoja ndani ya kiatu. Hata hivyo namba ilisimama vizuri, mbili na nukta tatu, mbili na nukta mbili, na kila mwezi alipumua.

Mwezi wa saba, uwele ulipokwisha kuvunwa, akaja Shangazi Emiliana kutoka Haneti, mdogo wake mzee wa tumbo moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alishuka na ndoo ya karanga, kuku wawili na mfuko wa mlenda mkavu uliosagwa vizuri, akamwinamia kaka yake kitandani akamwamkia, “Mbukwa.” Mzee akajibu haya, na mdomo wake uliopinda ukajaribu kucheka.

“Shangazi, Baba hali mlenda,” Loisi aliwahi kusema. “Daktari kakataza.”

“Haya,” shangazi akasema naye. “Nitakula mwenyewe.”

Tangu wiki ile vita ya saa kumi ikaisha. Hapakuwa na kidonge kwenye shuka wala kwenye kiatu. Loisi alirudi kutoka kazini akavua viatu, akachungulia trei, akakuta kishimo cha leo kitupu. Akauliza swali lake moja.

“Kameza?”

“Kameza,” shangazi alijibu.

Basi. Akala, akalala. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini Loisi hakuuliza aliyeunda ni nani wala kaunda kwa mbao gani. Siku moja alipokuwa anafua aliona utelezi wa kijani umekaukia kwenye kola ya shati la mzee. Mshonaji anajua madoa. Alijua lile ni doa la nini. Alilisugua kwa sabuni mpaka likatoka, akaanika shati, akaenda kulala. Kama angeuliza, angejibiwa, na akijibiwa ingebidi afanye jambo, na jambo moja zaidi ndilo alilokuwa hana nguvu nalo.

Mwezi wa nane namba ikashuka: moja na nukta nne.

“Anakunywa kweli?” daktari aliuliza.

“Anakunywa kuliko wakati wowote.”

“Chakula je? Kuna kilichobadilika?”

“Hakuna,” Loisi alisema, na alisema bila kupepesa.

Daktari aliongeza kidonge kikawa kimoja na nusu. Mwezi wa tisa, moja na nukta sita. Akaongeza vikawa viwili. Mwezi wa kumi namba ikarudi pale inapotakiwa, mbili na nukta tatu, na Loisi akatoka kliniki akanunua soda, akainywa yote akiwa amesimama palepale kwenye jua.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja mawingu yakaanza kukusanyika, na shangazi akawa anatazama angani kila asubuhi. Mkulima akishaona mawingu humshiki. Siku ya kuondoka alimkuta Loisi mlangoni, mkoba begani, anakimbilia kazini.

“Loisi mwanangu, kuhusu ile dawa ya saa kumi—”

“Najua, Shangazi, nimeshaipanga yote. Safari njema, wasalimie.”

Akatoka. Shangazi akabaki na neno lake mdomoni, akaenda nalo Haneti.

Kazi ikarudi kwa Mwajabu, na mzee akarudia kutema. Safari hii Loisi aliona amepata dawa ya dawa: aliviponda vile vidonge viwili vikawa unga, akamwachia Mwajabu avichanganye na uji wenye sukari nyingi. Mzee akawa anakunywa mpaka tone la mwisho.

“Mgonjwa haulizwi uji,” Mwajabu alisema akicheka, na Loisi akacheka pia.

Siku ya kumi na sita tangu shangazi aondoke, simu ikaita karakana. Loisi alikuwa anashona mfuko wa kaptula.

“Mama Erica, njoo. Mzee anatoka damu kwenye fizi tangu saa nne, haikatiki. Na paja limekuwa jeusi, wala hajaanguka. Nimeita bajaji, tunatangulia hospitali.”

Alimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, mto umeloa damu, macho wazi. Alipomwita, hakusema hata haya. Hilo lilimtisha kuliko damu. Namba, walipopima, ilikuwa tisa. Walimpeleka kwenye mashine kupiga picha ya kichwa kuona kama damu inavujia na huko, na Loisi akasimama nje ya mlango ule akiomba Mungu kwa maneno ambayo hayakuwa na mpangilio wowote. Alimwomba asimchukue. Na katikati ya maombi, aibu ilimpata kwa sababu kipande fulani cha mwili wake kilikuwa kinaomba tu kiti cha kukalia.

Kichwani hapakuwa na damu. Daktari Gaudence alikuja na sindano.

“Nini kimebadilika nyumbani?”

“Hakuna, daktari.”

“Damu haijiamulii tu, mama.” Hakuwa mkali; naye alionekana hajalala. “Hii ninayomchoma ni vitamini inayosaidia damu kuganda. Ni hiyohiyo iliyomo kwenye majani ya kijani, ndiyo inayopingana na kidonge chake. Kwa hiyo nakuuliza upya. Majani. Alikuwa anakula, akaacha?”

Loisi akaiona kola ya lile shati. Aliiona vizuri, na sabuni, na mikono yake mwenyewe ikisugua.

Akatoka kibarazani akampigia Shangazi Emiliana. Simu iliita mara tatu bila kupokelewa, ya nne ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya shangazi kulikuwa na jembe la mtu mwingine linalogonga ardhi kavu.

“Shangazi, Baba alikuwa anamezaje kile kidonge?”

“Ana nini kaka yangu?”

“Alikuwa anamezaje?”

“Nilikuwa nakitia ndani ya tonge, tonge nalichovya kwenye mlenda. Linateleza lenyewe. Koo lile bila mlenda halipitishi kitu, Loisi. Nilijaribu na maji, nilijaribu na chai, alitaka kunifia mikononi.”

“Kila siku?”

“Kila siku saa kumi. Bakuli zima. Alikuwa anamaliza.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungenikataza, na angetema, na ungelia. Halafu nikataka kukuambia siku ile mlangoni, ukasema unajua.” Shangazi alishusha pumzi. “Ulikuwa unauliza kameza, nami nasema kameza. Sikukudanganya, mwanangu. Ndilo swali ulilokuwa nalo.”

Loisi alikasirika. Alimkasirikia shangazi, akamkasirikia Joel aliyekaa mbali huko Mwanza, akamkasirikia daktari kwa kuwa na namba, na hasira ilipomaliza kuzunguka ikarudi kwake ikakaa. Miezi minne shangazi alikuwa analisha mlenda, na daktari anaongeza vidonge ili vishindane na mlenda. Halafu mlenda ukaondoka na basi la Haneti, vidonge viwili vikabaki peke yao, na yeye ndiye aliyeviponda vikawa laini. Kuuliza si ujinga, hata mtoto wa chekechea anaimbiwa hivyo. Yeye hakuuliza, na hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka tu, na ubaya wa uchovu ni kwamba hauonekani kwenye kipimo.

Alirudi ndani akamweleza daktari yote, pamoja na lile la mboga: “Si wewe uliyekataza, daktari. Ni mimi, nilikusingizia.”

Daktari aliandika kwa muda mrefu kwenye faili. “Mtu wa Haneti, mimi nimnyime mlenda?” alisema hatimaye. “Wangenifukuza mji huu. Sikiliza. Kama mlenda ndio unaompitishia dawa, ale. Ila ale kila siku, kiasi kilekile, kwa kijiko kilekile, wewe uwepo au usiwepo. Mimi nitapanga dawa kufuata mlenda, nitampima kila wiki mpaka namba itulie. Na siku mlenda ukikosekana, au akiugua akashindwa kula, unanipigia kabla ya kumpa kidonge. Si baada.”

“Nitakupigia.”

“Na wewe nani anakuangalia?”

Loisi akasema, “Haya.”

Damu ya fizi ilikata usiku ule. Siku ya tatu mzee alifumbua mdomo, muuguzi alipomuuliza kama anataka maji, akasema lile neno lake, na Loisi, ambaye mwaka mzima lilikuwa limemchosha, akaegemea ukuta akalia. Baada ya siku tisa alimrudisha nyumbani, mwepesi kuliko alivyokwenda. Shangazi Emiliana alikuwa ameshafika, shamba amemwachia mwanawe, na mfuko mpya wa mlenda uko jikoni.

“Nyie Wagogo,” Mwajabu alisema aliposimuliwa, mikono kiunoni. “Hata daktari mmemtia kwenye mlenda.”

Walitafuta kijiko, wakakifunga uzi mwekundu kwenye mpini ili kisichanganywe na vingine. Vijiko viwili vya unga wa mlenda, vilivyosawazishwa kwa kisu. Loisi alibandika karatasi ukutani juu ya trei: saa ngapi, vidonge vingapi, vijiko vingapi, namba ya simu ya kliniki. Joel alipopiga Jumamosi kuuliza kama mzee anakunywa dawa, alisomewa karatasi yote, akaambiwa kwamba wiki ya Krismasi zamu ni yake, aje. Alikohoa, akasema atatazama. Loisi akamwambia asitazame, akate tiketi.

Wiki ya kwanza namba ilikuwa moja na nukta saba. Ya pili, mbili na nukta moja. Ya tatu, mbili na nukta nne.

Jioni ya siku hiyo Loisi alirudi saa moja kama kawaida, mgongo kama kawaida. Akavua viatu. Akachungulia trei, kishimo cha leo kilikuwa kitupu. Mdomo wake ulikuwa umeshajikunja kusema kameza, akauzuia. Akavuta kigoda, akakaa miguuni pa kitanda.

“Shangazi, hebu nisimulie siku ya leo. Yote.”

Shangazi alimtazama kwanza kuona kama kuna ugomvi. Hakuuona, akaanza tangu alfajiri, kwa sababu mtu wa Haneti akiombwa habari haanzii katikati. Mzee aliamka vizuri. Alikunywa uji wa uwele nusu kikombe, akapaliwa mara moja. Saa nne alitolewa kibarazani, akamfukuza kuku kwa mguu wa kushoto. Mguu wa kulia ulivimba kidogo, ukainuliwa kwenye mto, ukapungua. Fizi safi, paja safi. Macho ya Loisi yalikuwa yanafumba yenyewe, anayafumbua, yanafumba tena. Saa saba alilala.

“Saa tisa akakuulizia,” shangazi aliendelea, “halafu saa kumi nikam—”

“Nani kaniulizia?”

“Baba yako.”

“Baba hasemi, Shangazi.”

“Hasemi mengine. Hilo analisema. ‘Loi.’ Halimalizii. Anatazama mlango anasema Loi, nami namwambia yuko Nkuhungu anashona, atakuja. Anasema haya. Ndipo natenga mlenda.”

Loisi alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa anamtazama, mdomo wake umepinda vilevile, kwenye kidevu kuna alama ya kijani.

“Ameanza leo?”

“Leo?” Shangazi alishangaa kweli. “Tangu nilipokuja mwezi wa saba. Kila siku, saa tisa, hakosi. Mimi nilidhani unajua.”

Loisi alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Akasogeza kigoda mpaka kichwani pa kitanda, akauchukua ule mkono wa kulia usiosikia kitu, akauweka juu ya goti lake.

“Endelea, Shangazi,” alisema. “Ikawaje saa kumi?”